Garimoshi Halingoji Mtu

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni wangu wa Desemba iliyopita hakuniletea ndizi wala maziwa. Aliniletea swali, na swali lenyewe nimelala nalo na kuamka nalo hadi leo. Jumapili hii nimeona afadhali tuligawane.

Mgeni huyo ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, mwanafunzi wa shule ya upili huko Runyenjes, Embu. Tangu azaliwe alikuwa hajapanda garimoshi. Basi asubuhi moja nikamchukua hadi stesheni ya Syokimau, tupande treni ya kuingia mjini Nairobi. Stesheni hii ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ina uwanja mpana wa kuegesha magari, kwa maana nia ilikuwa mfanyakazi aliache gari lake hapo, aikwepe misongamano ya barabara ya Mombasa kwa kupitia relini, na jioni alikute gari lake linamngoja.

Tukakata tiketi, tukaingia, tukaketi. Krismasi ilikuwa imekaribia na watu wengi walikuwa wameshakwenda mashambani, kwa hivyo viti vingi vilikuwa vitupu. Kijana akachagua cha dirishani. Saa ilipowadia, honi ikalia, mabehewa yakashtuka, tukaanza kwenda.

Mpwa wangu karibu aruke kitini. Alitazama viti vitupu, akatazama nje, akanitazama mimi.

"Mjomba, mbona linaondoka? Halijajaa!"

Nilicheka. Abiria wenzetu nao wakacheka. Nikamwambia, "Hili halingoji kujaa. Linangoja saa tu."

Yeye hakucheka. Tulipita Imara Daima akiwa kimya, tukapita Makadara akiwa kimya. Tulipokaribia stesheni kuu ya Nairobi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwa hivyo kama lingekuwako kwetu, siku ile shosho angefika?"

Hapo kicheko changu kikanikauka mdomoni. Habari za siku ile nitakusimulia, msomaji, lakini kwanza tuelewane kwa nini mtoto wa Embu ashangazwe na chombo kinachoondoka kwa saa yake.

Reli iliyopita ng'ambo

Embu hakuna stesheni. Meru hakuna stesheni. Ukitaka kuona reli ukiwa Embu itakubidi uende hadi Sagana, na ukiwa Meru mjini upande Timau kisha uteremke hadi Nanyuki. Mlima Kenya umekaa katikati, na reli ikachagua upande wa pili.

Haikuchagua kwa bahati nasibu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, mahali palipokuwa kinamasi, na mji mzima ukazaliwa kwa sababu ya karakana na stesheni. Mwaka wa 1913 tawi la Thika likafunguliwa. Baadaye likasukumwa mbele: Maragua, Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo, Naro Moru, na hatimaye Nanyuki. Ukiyafuata majina hayo kwenye ramani utaona kwamba reli ilikuwa ikielekea yalikokuwa mashamba ya walowezi, upande wa magharibi wa mlima. Upande wa mashariki, wa Waembu, Wambeere, Wachuka, Wamwimbi na Wameru, ulikuwa umetengewa Waafrika. Tena mito ya upande huo, akina Thuci, Nithi na Mutonga, imechimba mabonde ambayo hata lami ilichukua miaka mingi kuyavuka. Nani angetoa fedha za kujenga madaraja ya reli huko?

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtoto wa Karatina alikua akisikia honi ya garimoshi, na mtoto wa Chogoria akakua akisikia makanga. Treni ya abiria ya Nanyuki yenyewe ilikufa kwa miaka mingi, reli ikamea nyasi, hadi ilipofufuliwa Desemba 2020. Meru nayo iliahidiwa jirani: mradi mkubwa wa bandari ya Lamu, uliozinduliwa Machi 2012, ulichorwa na reli ya kupitia Isiolo. Barabara imeonekana, lakini reli hiyo hadi leo ni mstari kwenye ramani.

Lakini msomaji, si chuma ninachokililia leo. Tofauti kati ya stesheni na steji haiko kwenye chuma. Ukutani mwa stesheni kuna karatasi yenye saa. Karatasi ile ni ahadi. Inakwambia: uje, usije, tujae, tusijae, dakika hii tutaondoka. Steji yetu haina karatasi hiyo. Saa ya steji ni abiria wa mwisho, na abiria wa mwisho hakuna anayejua yuko wapi. Pengine bado anakunywa chai nyumbani kwake.

Sekunde ishirini

Kuna nchi ambayo ahadi hiyo wameichukua kama kiapo. Reli ya kwanza ya Japani, kati ya Shimbashi jijini Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa mwaka wa 1872. Zingatia mwaka huo: ni miaka 27 tu kabla ya reli kufika Nairobi. Leo stesheni ya Shinjuku, jijini Tokyo, hupitiwa na mamilioni ya watu kwa siku moja.

Mnamo Novemba 14, 2017, treni ya Tsukuba Express ilikuwa katika stesheni ya Minami-Nagareyama, nje kidogo ya Tokyo. Ratiba ilisema iondoke saa tatu na dakika 44 na sekunde 40 asubuhi. Ikaondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Hakuna abiria aliyelalamika, na treni nyingine ilikuwa inakuja baada ya dakika chache tu. Lakini kampuni ilitoa taarifa kwa umma na kuomba radhi kwa sekunde hizo 20. Sisi tuliosoma habari hiyo hapa kwetu tulishika tumbo kwa kicheko.

Huko, treni ikichelewa, stesheni hutoa hati ndogo ya kuthibitisha kwamba ni treni iliyochelewa. Mfanyakazi humpelekea mkubwa wake na mwanafunzi humpelekea mwalimu wake. Yaani aliyevunja ahadi ndiye anayeandika barua ya kujieleza. Sisi kwetu aliyecheleweshwa ndiye anayejieleza, na akijieleza haaminiki.

Lipo jambo jingine. Mwaka wa 1910, karibu na mji wa Osaka, bwana mmoja aitwaye Ichizo Kobayashi alifungua reli iliyotoka mjini ikaelekea mashambani, ambako abiria walikuwa wachache. Wengi walidhani amepotea. Yeye akanunua ardhi kandokando ya reli, akajenga nyumba, akawauzia watu wa kipato cha kati kwa malipo ya polepole. Mwaka wa 1929 akafungua duka kubwa la ghorofa pale pale stesheni ya Umeda, mjini Osaka. Kwa nini mtu alikubali kununua nyumba mbali na kazi yake? Kwa sababu aliiamini saa. Alijua akitoka nyumbani saa fulani, ataingia kazini saa fulani, na jioni atakula na watoto wake. Ulipo uaminifu wa saa, umbali hupungua. Usipokuwapo, hata mahali pa karibu huwa mbali.

Tusidanganyane kwamba huko ni peponi. Asubuhi treni za Tokyo hushindiliwa watu hadi wafanyakazi wa stesheni huwasukuma ndani ili milango ifungwe. Wala tusidanganyane kwamba Nairobi ni Tokyo. Treni zetu za mjini ni chache: za asubuhi huwaleta watu kazini, za jioni huwarudisha makwao. Ikikuacha, imekuacha. Lakini hata treni yetu hiyo imeweza kumfundisha mtoto wa Runyenjes jambo ambalo steji haikumfundisha.

Siku ile

Sasa nikusimulie ya siku ile.

Mama yangu alikuwa na presha ya macho. Ni ugonjwa mwizi huo: hauumi, hauwashi, bali humega kuona kwako kidogo kidogo, na kile ulichomega haukirudishi. Alipewa miadi katika hospitali moja ya Nairobi, saa tatu asubuhi. Aliamka saa tisa za usiku, akaoga, akavaa nguo ya kanisani, akamwamsha mjukuu wake amsindikize. Kufikia saa kumi na moja alfajiri walikuwa wameketi ndani ya matatu, viti vya mbele, nauli imeshalipwa.

Gari hilo lilikuwa la watu 14. Walikuwa tisa. Saa kumi na mbili walikuwa kumi na mmoja. Kijana aliniambia kwamba shosho wake aliuliza mara tatu, kwa heshima, wataondoka saa ngapi. Mara zote makanga alimjibu vilevile: "Tulia, shosho, tunaenda sasa hivi. Bado mtu mmoja tu." Huyo mtu mmoja alikuwa watatu. Wengine waliokwisha kupanda walikuwa vijana wa kituo, wamekaa kujaza viti ili gari lionekane limejaa; abiria wa kweli akipanda, mmoja wao anateremka. Wewe umewahi kusafiri, unawafahamu.

Liliondoka saa moja kasoro robo. Kufika barabara ya Thika, msongamano. Mama aliingia hospitalini saa tano kasoro, amemshika mkono mjukuu. Orodha ya siku ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyemkemea, muuguzi alimhurumia kweli. Lakini tarehe iliyokuwa wazi ilikuwa baada ya wiki sita.

Jicho la kushoto halikungoja wiki sita.

Daktari, mtu mwungwana, alituambia kwamba huenda jicho lingepotea hata kama angeonekana siku ile, na huenda lisingepotea. Sitaki kumlaumu mtu kwa jambo ambalo tabibu mwenyewe ameliacha kwenye huenda. Lakini wewe mwenye mama utanielewa nikikwambia kwamba hiyo "huenda" ndiyo inayoniuma. Na sasa unaelewa kwa nini mpwa wangu hakucheka ndani ya treni. Yeye ndiye aliyekuwa ameushika mkono ule.

Miraa ina saa

Utaniambia, msomaji, kwamba sisi watu wa huko hatuijui saa, ndiyo tabia yetu. La hasha! Hilo nalikataa kabisa.

Nenda Maua, kule Nyambene, uone miraa inavyochumwa asubuhi, ikafungwa mafungu, ikavikwa majani ya migomba isinyauke. Hapana anayesema "bado fungu moja tu". Miraa huharibika baada ya siku mbili hivi, kwa hivyo gari lake likishapakiwa linaondoka. Kabla Uingereza haijaipiga marufuku mwaka wa 2014, miraa iliyochumwa Igembe ilifika London ikiwa bado mbichi. Muguka wa Mbeere, Embu, nao ni vivyo hivyo: mkulima, mfungaji, dereva, mpokeaji, kila mmoja anajua dakika yake. Ni mpango ambao hata Mjapani angeuvulia kofia.

Siyasifu mbio za magari hayo, maana yameacha majonzi katika nyumba nyingi. Nasema tu kwamba watu walioweza kuifikisha miraa ng'ambo ya bahari kabla haijanyauka hawawezi kusema kwamba saa imewashinda. Wanaijua saa. Ila wameiwekea miraa, hawajaiwekea mama mzee mwenye miadi, wala mwanafunzi wa Chuka anayewahi mtihani, wala kijana wa Meru aliyeitwa mahojiano ya kazi mjini. Miraa ikinyauka tunajua ni hasara ya shilingi ngapi. Binadamu akinyauka steji, hasara hiyo haiandikwi kokote.

Na ile saa iliyopotea steji, dereva huitafuta barabarani. Ndipo unapoona gari lililolala kwa saa mbili likigeuka ghafla kuwa mshale. Ukivuka daraja la Nithi, pale ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa, utaona abiria wakishika viti na kunyamaza. Hapo si mahali pa kulipia deni la dakika.

Hesabu ya viti viwili

Mwenye matatu naye asikizwe. Ana mkopo, ana mafuta, ana bima. Dereva na makanga wana kiasi wanachopaswa kumpa kila jioni, na kinachobaki ndicho cha watoto wao. Kiti kitupu ni mfuko uliotoboka. Treni husaidiwa na serikali. Yeye nani anamsaidia? Ni kweli, na anayemtukana makanga bila kulijua hilo anatukana bure.

Lakini njoo tupige hesabu. Tuseme nauli ni shilingi 600 na gari la watu 14 limebakisha viti viwili. Hasara ni shilingi 1,200. Igawanye kwa wale 12 walio ndani: ni shilingi 100 kila mmoja. Je, ni wangapi kati yetu, tukiwa na miadi ya hospitali, mtihani au mahojiano, tusingetoa shilingi 100 gari liondoke? Mama yangu angetoa 200. Kwa jicho, angeuza mbuzi.

Basi ombi langu kwa vyama vya matatu vya Embu, Chuka, Meru na Maua si kubwa. Sisemi magari yote yafuate ratiba. Nasema gari moja tu la alfajiri, na moja la jioni, yaandikwe saa ubaoni kama treni, na nauli yake iwe juu kidogo. Lijae, lisijae, liondoke. Mwenye haraka apande hilo, asiye na haraka angoje lingine. Siku hizi kiti hulipiwa kwa simu usiku uliotangulia, kwa hivyo makanga anaweza kulala akijua ana watu wangapi. Yako magari, hasa ya safari za mbali, ambayo yameanza kuondoka kwa saa. Wasafiri wameyajua na wanayafuata. Uaminifu nao ni biashara.

Na sisi abiria tuna dhambi zetu. Ni sisi tunaoitwa mkutano wa saa nne tukafika saa sita, tukakuta wenzetu nao ndio wanaingia. Ni sisi tunaompigia makanga simu, "Ningoje, niko karibu," tukiwa bado tunatafuta viatu. Yule "mtu mmoja tu" anayengojewa kila alfajiri, msomaji, siku nyingine ni mimi, na siku nyingine ni wewe.

Januari shule zilipokaribia kufunguliwa, nilimrudisha mpwa wangu kwao mwenyewe. Jioni tukiwa jikoni, akamsimulia shosho wake habari za garimoshi: viti vilivyokuwa vitupu, honi, na jinsi lilivyoondoka bila kumngoja mtu. Mama alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Siku hizi huinamisha kichwa kidogo, jicho zima litangulie. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema, bila uchungu wowote:

"Mwanangu, hilo lingenifaa."

Hapana la kuongeza. Wewe unayesafiri kesho alfajiri, fika mapema. Na wewe unayekaa nyuma ya usukani, ukiona mama mzee ameketi kiti cha mbele na karatasi ya hospitali mkononi, usimwambie atulie. Mwambie saa.